Wino tu! Saini mbovu inavyokata bei ya kadi za mastaa

LONDON, ENGLAND

NI karatasi ya kufutia midomo, ile ile unayoikuta mezani mgahawani na kuitupa ukimaliza kula. Desemba 14, 2000, katika klabu ya tenisi ya Pompeia jijini Barcelona, Carles Rexach, aliyekuwa bosi wa ufundi wa Barcelona, aliichukua moja, akaandika kwa kalamu ya bluu kwamba klabu itamsajili kinda wa Kiargentina mwenye miaka 13, akatia saini. Mawakala Josep Minguella na Horacio Gaggioli nao wakasaini. Kinda huyo ni Lionel Messi.

Mei 2024 karatasi hiyo iliuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams kwa Pauni 762,400, zaidi ya Sh2 bilioni za Kitanzania. Bei ya kuanzia ilikuwa Pauni 300,000.

Sasa sikia hii. Saini ya Messi mwenyewe haimo.

Kilichouzwa ni historia, hilo halina ubishi. Lakini historia hiyo ilihitaji wino ili iuzike. Maandishi yanasomeka, saini ziko wazi, na Gaggioli aliiweka karatasi kwenye fremu na kuihifadhi kwenye sefu kwa miaka mingi. Kama mtu angemwagia kahawa jioni ile, au kama kalamu ingekuwa inakatakata, leo ingebaki simulizi nzuri ya kijiweni na karatasi isiyothibitika.

Hapo ndipo ilipo biashara ya kadi za wachezaji zenye saini, soko ambalo miaka hii limejaa noti kuliko wakati mwingine wowote. Kuanzia msimu huu wa 2025/26, kadi na stika za Ligi Kuu England zimehama kutoka Panini ya Italia kwenda Topps ya Marekani, ambayo tayari inatengeneza za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mashabiki wanafungua pakiti wakiomba Mungu wakutane na saini ya staa wao. Wengi wanajua saini ni pesa. Wachache wanajua kwamba kadi mbili za mchezaji mmoja, za toleo moja na za idadi ile ile, zinaweza kupishana bei kwa sababu moja tu, kwamba siku ile mkono wa staa ulikuwa umechoka.

KUTOKA STIKA ZA WATOTO HADI MAMILIONI

Panini ilianza mwaka 1961 pale Modena, na mwaka 1970 ikatoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Kwa miaka mingi stika zilikuwa mchezo wa watoto. Unanunua pakiti, unabandika, unaopata mara mbili unabadilishana na mwenzako shuleni. Hakuna aliyefikiria mnada.

Wamarekani ndio waliobadilisha mambo. Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck ilichanganya kwenye pakiti zake kadi 2,500 za nyota wa besiboli Reggie Jackson, alizosaini mwenyewe, kila moja ikiwa na namba yake. Ghafla mtu aliyenunua pakiti ya bei ya kawaida angeweza kutoka dukani na saini halisi ya staa, iliyothibitishwa na kampuni yenyewe. Huo ndio mfumo uliotawala hadi leo, kwenye besiboli, kikapu na soka.

Angalia ulikofika. Agosti 2020 kadi ya Mike Trout wa besiboli, ya toleo la 2009, ikiwa moja tu duniani na yenye saini yake, iliuzwa kwa Dola 3.93 milioni. Aliyeiuza alikuwa ameinunua miaka miwili tu kabla kwa takriban Dola 400,000. Aprili 2021 kadi ya LeBron James ya msimu wake wa kwanza, yenye saini na kipande cha jezi, moja kati ya 23, ikaenda kwa Dola 5.2 milioni. Agosti 2025 ikapigwa rekodi nyingine: kadi yenye saini mbili, ya Michael Jordan na ya hayati Kobe Bryant, iliuzwa kwa Dola 12.93 milioni, zaidi ya Sh30 bilioni.

Soka lilichelewa kuingia kwenye fujo hizi, lakini limeingia. Kadi ya Pele ya mwaka 1958, iliyotengenezwa Sweden alikotwaa Kombe la Dunia akiwa na miaka 17, ilipita Dola 1.3 milioni mwaka 2022.

Hapa kuna jambo la kuliangalia kwa makini. Kadi hiyo ya Pele haina saini. Hata ile ya Mickey Mantle wa besiboli ya mwaka 1952, iliyouzwa kwa Dola 12.6 milioni mwaka 2022, haina saini. Kwa nini basi kadi za kisasa zinahitaji wino?

Jibu ni uhaba. Kadi za zamani zilipungua zenyewe. Watoto walizichana, mama zao walizitupa, mvua ikanyesha juu yake. Zilizobaki safi ni chache, na uchache huo ndio bei. Kadi za leo zinachapwa kwa wingi na kila mtu anazitunza kama dhahabu. Kampuni ikabidi itafute uhaba wa kutengeneza, na njia rahisi ni kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukichapa, yaani mkono wa mchezaji. Saini ikawa ndiyo roho ya kadi. Na roho ikiwa na kasoro, kadi nzima inaugua.

SAINI YA KWENYE KADI, SAINI YA STIKA

Zipo njia mbili kuu za saini kufika kwenye kadi, na mnunuzi mzoefu huanza kuangalia hapo kabla hata hajatazama bei.

Njia ya kwanza, kadi zenyewe zinapelekwa kwa mchezaji, anasaini moja kwa moja juu ya picha yake. Ya pili, mchezaji anapelekewa karatasi zenye stika nyingi ndogo za uwazi, anasaini, anazirudisha, kisha kiwandani zinabandikwa kwenye kadi baadaye.

Kwa kampuni, stika ni raha. Hakuna hatari ya kadi kupinda au kuchubuka njiani, na saini zinaweza kukaa ghalani zikisubiri toleo lijalo. Staa anaweza kusaini leo akiwa Dortmund na stika ikabandikwa kwenye kadi baadaye akiwa amehamia Madrid.

Kwa shabiki, hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Anayenunua kadi yenye saini ananunua ile hisia kwamba staa aliishika kadi hii, akaitazama, akaandika. Stika inaivunja hisia hiyo, maana mchezaji hakuwahi kuiona kadi. Ndiyo maana, vitu vingine vyote vikiwa sawa, saini iliyoandikwa juu ya kadi hupendwa na kulipiwa zaidi kuliko ya stika.

Stika ina matatizo mengine pia. Ni ndogo, hivyo mchezaji mwenye mkono mpana anajikuta mkia wa saini umetoka nje na kubaki kwenye karatasi iliyotupwa. Kadi inafika kwa mnunuzi ikiwa na jina lililokatwa kichwa au miguu. Wakati mwingine inabandikwa imepinda, au inaacha mapovu ya hewa chini yake. Ni makosa ya kiwandani, staa hahusiki, lakini sokoni hakuna anayeuliza ni kosa la nani.

Saini ya moja kwa moja nayo si salama kila mara. Kadi nyingi za kisasa zinang'aa kama kioo, na wino wa maka peni haukauki haraka juu yake. Mchezaji akiziweka moja juu ya nyingine kabla hazijakauka, au kiganja chake kikipita juu ya herufi, unapata mfuto wa wino. Kalamu ikianza kuisha, herufi za mwisho zinakuwa na michirizi myeupe katikati, kama barabara ya lami iliyochakaa.

ALAMA KUMI ZA WINO

Hadi hapo mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya macho tu, kila mtu na anavyopenda. Ingekuwa hivyo kama isingekuwa kampuni za kupima kadi.

PSA, iliyoanzishwa California mwaka 1991, na Beckett ni majina makubwa katika kazi hiyo. Unawatumia kadi, wanaikagua, wanaipa alama kati ya 1 na 10, kisha wanaifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo. Wanaangalia vitu vinne: picha imekaa katikati kiasi gani, pembe zina ncha, kingo hazijachubuka, na uso hauna mikwaruzo.

Kadi yenye saini inaweza kupewa alama ya pili, ya saini peke yake. Hapo ndipo wengi wanachanganya. Alama hiyo haimpimi staa kama ana mwandiko mzuri. Daktari mwenye mwandiko wa kuku anaweza kupata 10. Kinachopimwa ni wino: umekolea mwanzo hadi mwisho, hakuna ulipokatika, hakuna ulipofutika, haujavuja wala haujapauka, na saini yote imo ndani ya nafasi yake.

Kwa hiyo lebo inasoma namba mbili, ya kadi na ya wino. Wanunuzi wa kadi za kisasa wamezoea kutaka 10 kwenye ile ya pili. Sababu ni rahisi. Saini nyingi zinazosainiwa kwa utulivu, kwa kalamu mpya, zinafika 10 bila shida. Ndiyo maana 9 haionekani kama alama nzuri, inaonekana kama swali. Mnunuzi anajiuliza kuna nini. Na mnunuzi akianza kujiuliza, mkono unarudi mfukoni.

Tuseme zipo kadi 25 za winga mmoja kinda, zote zimesainiwa. Ishirini zina wino uliokolea, tano zimefutika. Anayetaka kadi hiyo ana chaguo la watu 20. Kwa nini alipe bei sawa kwa zile tano? Muuzaji wa kadi iliyofutika hana ujanja, atashusha bei hadi apatikane mtu asiyejali sana au mwenye mfuko mwembamba. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya ubora wa saini: inafanya kazi pale kadi inapokuwa na ndugu zake wa kufananishwa nao.

Ndiyo maana pia sheria hii ina mwisho wake. Ile kadi ya Jordan na Kobe ya Dola 12.93 milioni ilikuwa na alama 6 tu ya PSA kwa hali ya kadi. Kadi ya alama 6 ya mchezaji wa kawaida ni ya kutupia kwenye droo. Lakini hii ilikuwa moja tu duniani, na Kobe alifariki Januari 2020, hawezi kusaini nyingine. Haina ndugu wa kuishindanisha. Mnunuzi anachukua au anaacha.

Kwa lugha ya uwanjani, jina na uhaba ndivyo vinavyokupeleka fainali. Ubora wa saini ni kama penalti. Unaamua pale timu zilipolingana.

MCHEZAJI AKICHOKA, SHABIKI ANALIPA

Swali linalofuata ni nani hasa anayeharibu saini. Mara nyingi ni mwenye jina.

Mchezaji mwenye mkataba na kampuni ya kadi hasaini kumi wala ishirini. Anawekewa marundo mezani, mara nyingi hotelini au nyumbani baada ya mazoezi. Saini ya kwanza ina kila herufi. Ya mia moja imepoteza irabu. Mwisho wa rundo limebaki tanzi moja na mstari.

Makinda ndio wanaoonyesha mabadiliko haya vizuri zaidi. Akiwa na miaka 17 hajazoea, anaandika jina lote kama yuko kwenye mtihani. Akifika miaka 24 akiwa na Kombe kabatini na watu wanamsubiri nje ya geti kila siku, jina limegeuka alama. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kadi za msimu wa kwanza zipendwe: mbali na kuwa za mwanzo, mara nyingi zina saini kamili ambayo staa hataiandika tena.

Wapo waliokataa uzembe huo. Harmon Killebrew, mkongwe wa Minnesota Twins aliyepiga mipira 573 ya nje ya uwanja katika besiboli, alikuwa mkali kwa jambo hili. Alipoona saini ya kijana Torii Hunter haisomeki, alimkalisha na kumfundisha kwamba mtu aliyesubiri saini yako anastahili kulisoma jina lako. Hunter alibadilika, na wachezaji wengine wa timu hiyo wakaendelea na mila hiyo ya kuandika jina lote. Killebrew alifariki mwaka 2011, lakini somo lake limebaki.

Shohei Ohtani naye ana mfano wake. Mwaka 2018, alipoingia ligi ya Marekani, kuna kadi alizosaini kwa herufi za Kijapani, tofauti na zile za herufi za Kilatini. Ni chache na zinatafutwa sana. Mnunuzi anaona mle kitu cha mtu mwenyewe, jina kama alivyofundishwa kuliandika kwao. Saini ya haraka haina kitu hicho.

Kinachouma ni kwamba gharama ya uzembe haimfikii aliyezembea. Mchezaji ameshalipwa na kampuni kwa idadi ya saini. Kampuni imeshauza pakiti. Anayebaki na kadi yenye mkwaruzo badala ya jina ni yule aliyenunua pakiti bila kujua ndani kuna nini. Hana pa kudai, kwa sababu kisheria saini ni saini, hata ikiwa ni mstari mmoja.

'KWA ALI'

Kuna kitu kingine kinachogeuza bei: maneno yanayozunguka saini.

Kawaida, staa akikuandikia "Kwa Juma" kisha akasaini, wewe Juma unafurahi, lakini umepunguza soko. Mnunuzi wa kesho haitwi Juma. Anataka saini tupu, isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana wanaozuia mastaa mahotelini kwa nia ya kuuza huomba saini bila jina, na baadhi ya mastaa wameligundua hilo, wanauliza jina lako kwanza ili kumkomoa mchuuzi.

Lakini si kila jina linashusha. Mwaka 2015 Diego Maradona alimtembelea nyumbani kwake Tunisia Ali Bin Nasser, mwamuzi aliyechezesha robo fainali ya Argentina na England mwaka 1986, ile ya bao la mkono. Maradona alimpa jezi ya Argentina aliyoisaini, akimwandikia Ali kuwa ni rafiki yake wa milele. Hapo jina ndilo lenye thamani. Ukiliondoa, inabaki jezi moja kati ya maelfu yaliyosainiwa na Maradona. Ukiliacha, una mwamuzi wa Kiafrika na mfungaji wa bao lililozua ubishi mkubwa kuliko yote katika historia ya soka, wamekutana kwenye kitambaa kimoja.

Novemba 2022 Bin Nasser aliuza mpira wa mechi ile kwa Pauni 2 milioni. Jezi aliyoivaa Maradona siku hiyo ilikuwa imeuzwa miezi michache kabla kwa Pauni 7.1 milioni. Thamani kwenye vitu hivi inafuata ushahidi wa nani alikuwa wapi. Saini nzuri ni ushahidi unaosomeka.

MASHINE NA MATAPELI

Na palipo na ushahidi wa pesa, hapakosi wa kughushi.

Oktoba 1999 FBI walivamia mtandao wa kughushi saini kusini mwa California, katika operesheni iliyoitwa Bullpen. Walikadiria mtandao huo uliuza bidhaa feki za thamani ya hadi Dola 100 milioni. Mle ndani kulikutwa hadi mipira ya besiboli yenye "saini" ya Mama Teresa. Watu walikuwa wananunua.

Tangu hapo wakaguzi wamekuwa sehemu ya biashara. PSA na wenzao wana vitengo vya saini, wanalinganisha shinikizo la kalamu, mwelekeo wa herufi na kasi ya mkono. Cha kuchekesha ni kwamba saini nzuri kupita kiasi nayo inawatia shaka. Anayeghushi anaandika taratibu kwa uangalifu, mistari inatetemeka kidogo. Staa halisi anaandika kama anatoa pasi bila kuangalia.

Hatari nyingine ni mashine. Baada ya toleo la mwaka 2016, Beckett walikataa kuthibitisha kadi za Panini zenye saini za Dak Prescott, aliyekuwa anaanza NFL na Dallas Cowboys, wakisema zinaonekana zimeandikwa na mashine. Zilifanana mno. Binadamu hawezi kusaini mara mbili sawasawa, kama vile hawezi kupiga faulo mbili zikapita njia moja. Kadi hizo zilitoka kwenye pakiti halali za kampuni kubwa, si uchochoroni.

Hapo ndipo hoja ya ubora inapogeuka. Soko likilipa zaidi kwa wino usio na kasoro, linampa mchezaji mvivu na tapeli sababu moja ya kutafuta mashine. Alama 10 inapaswa kumaanisha mkono uliotulia. Ikianza kumaanisha mkono usiokuwepo, mchezo umekwisha.

Ipo pia karaha ya kuponi. Staa akichelewa kurudisha kadi alizopelekewa, kampuni inaweka kwenye pakiti kuponi ya ahadi: tuma namba hii, utaletewa kadi ikisainiwa. Kuponi zina tarehe ya mwisho, na mashabiki wengine husubiri miezi mingi, hata zaidi. Kwa staa wa soka bei haisubiri. Kinda aliyekuwa gumzo Agosti anaweza kuwa kwa mkopo daraja la pili Agosti ijayo, goti limefungwa bandeji. Saini inafika ikiwa na wino mzuri kabisa, na jina halina mtu wa kulinunua.

MTOTO WA MIAKA 11

Si kila hadithi inaishia vibaya. Krismasi ya mwaka 2024 mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles alifungua pakiti akakuta kadi ya Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates, moja tu duniani, yenye saini na kipande cha jezi aliyovaa mechi yake ya kwanza. Pirates walitoa ofa ya tiketi za msimu kwa miaka 30 ili waipate. Familia ikakataa. Machi 2025 kadi ikauzwa kwa Dola 1.11 milioni.

Hadithi kama hiyo ndiyo inayouza pakiti. Kwa kila mtoto mmoja wa Los Angeles kuna maelfu waliofungua pakiti wakakuta beki wa akiba wa timu ya mkiani, saini imefutika. Hao hawaandikwi.

JEZI ILIYOPO UKUTANI

Kwa shabiki wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kinachomfikia zaidi si kadi bali jezi iliyosainiwa. Sheria za wino ni zile zile, tena kitambaa ni kigumu zaidi kuliko kadi.

Kitambaa kinanyonya. Maka peni ya wino mwepesi ikigusa jezi, herufi zinatanuka pembeni na baada ya muda jina linakuwa doa. Saini iliyoandikwa juu ya namba ya mgongoni, ile ya plastiki, inakaa imara kuliko iliyoandikwa kwenye kitambaa kilicholegea. Kitambaa kikivutwa kikakaza wakati wa kusaini, mstari unatoka safi. Kalamu mpya ni bora kuliko ile iliyozunguka kwa watu 30 getini.

Kisha kuna adui wawili wa nyumbani: sabuni na jua. Jezi iliyosainiwa haifuliwi. Na jezi iliyotundikwa mkabala na dirisha inapoteza wino kidogo kidogo, hadi siku moja mgeni anauliza saini iko wapi.

La mwisho ni ushahidi. Picha ya staa akiisaini jezi hiyo hiyo, yenye tarehe, ina kazi kubwa kuliko maneno ya mwenye jezi. Kule London karatasi ya kufutia midomo ilifika kwenye mnada ikiwa na mtu aliyekuwepo mezani siku ile, aliyeweza kusema nani aliandika, wapi na saa ngapi. Wengi wana saini. Wenye hadithi inayothibitika ni wachache.

Juni Kombe la Dunia linaanza Marekani, Canada na Mexico, nchi moja kati ya hizo ikiwa ndiyo nyumbani kwa soko hili. Kadi zitamwagika, kinda fulani ambaye leo hajulikani atafunga mabao matatu, na saini yake itapanda bei ndani ya usiku mmoja. Watakaokuwa wameshika kadi yake wataanza kuzigeuza chini ya taa. Watatafuta michirizi, mfuto na herufi iliyokatika.

Na kinda mwenyewe, hotelini, atakuwa amewekewa rundo jingine mezani. Kama kuna mtu wa kumwambia maneno ya Killebrew, wakati wake ni kabla hajashika kalamu.